Shajara ya Mradi: Mdahalo wa Televisheni Wenye Kura Mbili

Kampala

Januari, wiki ya pili

Leo tumekubaliana rasmi kuanza kazi. Kipindi kitakuwa mdahalo wa televisheni kwa Kiswahili kuhusu mambo yanayoendelea nchini Uganda. Kitarekodiwa ukumbini mbele ya hadhira, na hadhira hiyo itapiga kura mara mbili juu ya hoja ileile, kwanza kabla mzungumzaji yeyote hajafungua kinywa, kisha baada ya mjadala kufungwa. Vipindi vya mazungumzo tunavyo tele redioni na katika runinga, na baadhi yake ni vizuri sana, lakini mtazamaji huachwa bila kujua kama maneno yote yale yamemgeuza mtu hata mmoja. Sisi tunataka kumwonyesha hilo, na tunataka alione kwa namna ambayo hata aliyeshindwa ataikubali.

Tunaulizwa kwa nini tumechagua Kiswahili ilhali redio nyingi za Kampala zinatumia Kiluganda na mijadala mingi ya runinga huendeshwa kwa Kiingereza. Sheria iko upande wetu: marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo, sababu yetu kubwa ni watu wenyewe. Mfanyabiashara wa mpakani Busia, mama wa Kinubi wa Bombo, dereva wa lori anayengoja forodha pale Malaba, kijana wa Arua aliyekuja mjini kutafuta riziki na Mkongomani aliyetokea makazi ya wakimbizi ya Nakivale wakikutanishwa katika ukumbi mmoja, lugha watakayoweza kubishania wote pamoja ni hiyo. Watu hawa wana maoni juu ya kodi, masoko, shule na barabara kama raia mwingine yeyote, na ninaona ni haki yao kusikika wakiyatetea kwa sentensi zao wenyewe.

Januari, wiki ya mwisho

Wiki hii tumepitia yaliyofanywa kabla yetu, kwa sababu Uganda si nchi isiyojua mdahalo wa hadharani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Radio One ilikuwa ikirusha mdahalo wa Ekimeeza kutoka Club Obbligato hapa Kampala, na redio ya CBS ikawa na wake, Mambo Bado. Watu walikuja kwa hiari yao, kila mmoja akapewa dakika zake chache, na nchi ikasikiliza. Septemba 2009, baada ya ghasia zilizozuka Kabaka wa Buganda alipozuiwa kwenda Kayunga, mamlaka ya utangazaji ilifunga vituo kadhaa vya redio na midahalo hiyo ya nje ya studio ikapigwa marufuku. Waliokuwa wakihudhuria wanatueleza jambo ambalo tumelitia maanani sana: aliyeshangiliwa zaidi ndiye aliyeonekana kushinda, na mara nyingi aliyeshangiliwa zaidi ni yule aliyekuja na wenzake wengi. Makofi hupima idadi ya marafiki. Kama tunataka kupima nguvu ya hoja, inatubidi tutafute kipimo kingine.

Kisheria tumeshauriwa kurekodi ndani ya ukumbi, kupitia kituo chenye leseni, na kuzingatia viwango vya chini vya utangazaji vilivyoambatanishwa na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013, ambayo inasimamiwa na Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Viwango hivyo vinadai, pamoja na mengine, kwamba kipindi kinachomhusu mgombea wa wadhifa wa umma kiwape wagombea wote nafasi sawa. Tumeamua kutomwalika mgombea yeyote azungumzie kugombea kwake. Tutajadili hoja, na mtu atakaa upande wa hoja kwa sababu anaijua.

Tumezungumzia pia midahalo ya wagombea urais ya mwaka 2016, ambayo ilikuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Ule wa tarehe 15 Januari, uliofanyika katika hoteli ya Serena, Rais Museveni hakuhudhuria. Ule wa tarehe 13 Februari alihudhuria. Kutokana na hilo tumejiwekea kanuni moja: kila upande utakuwa na mzungumzaji wa akiba aliyejiandaa, na asiyefika nafasi yake itachukuliwa na wa akiba bila maelezo marefu na bila kamera kukionyesha kiti kitupu. Kiti kitupu kikionyeshwa, kipindi kizima hugeuka kuwa habari ya asiyekuwepo.

Februari, wiki mbili za mwanzo

Swali la namna ya kupiga kura limetuchukulia muda kuliko jambo lolote, na ninaliandika kwa kirefu ili atakayeurithi mradi huu ajue kwa nini tuliamua tulivyoamua.

Wazo la kupiga kura mara mbili si letu. Midahalo ya Intelligence Squared, iliyoanzia London mwaka 2002, imekuwa ikifanya hivyo kwa miaka mingi: hadhira inapiga kura mwanzoni na mwishoni, na upande uliozidisha asilimia zake zaidi ndio unaotangazwa mshindi. Kwa kulinganisha, Question Time ya BBC, ambayo imekuwa hewani tangu mwaka 1979, huwapa wananchi nafasi ya kuwauliza viongozi maswali lakini haimwombi mtu kura. Tulipoiweka mifano hii miwili mezani, wote tulivutwa na ule wa kwanza, ila tulipouchunguza tukakuta matatizo mawili ambayo hatukutaka kuyaleta Kampala.

La kwanza ni kwamba kanuni ya ongezeko humpendelea anayeanza chini. Upande ulioanza na watu 80 katika ukumbi wa watu 100 umebakiwa na watu 20 tu wa kuwapata, wakati mpinzani wake ana 80 wa kuwawinda. La pili ni kwamba kanuni hiyo hudanganyika kwa urahisi: wafuasi wa upande mmoja wakikubaliana wajitie kutokuwa na uamuzi katika kura ya kwanza, kisha katika ya pili wapige kura yao halisi, matokeo yataonyesha mzungumzaji wao amefanya maajabu. Mahali ambapo vyama vina mazoea ya kuwasafirisha wafuasi kwa mabasi, hilo si jambo la kulipuuza.

Lipo na tatizo la tatu, nalo ndilo lililonishughulisha zaidi. Tuseme katika ukumbi wa watu 100, watu 50 waliiunga mkono hoja na 50 waliipinga, na baada ya mjadala hesabu ikabaki hivyohivyo. Mtazamaji ataambiwa mjadala haukubadilisha kitu. Lakini yawezekana kabisa kwamba watu 20 waliounga mkono wamehamia upinzani na wapinzani 20 wamehamia upande wa pili. Yaani watu 40 wamebadili mawazo katika saa moja, na takwimu za jumla zimewafunika wote. Ni sawa na mwenye duka anayetaja faida bila kutaja mauzo. Kwa hiyo tumeamua kwamba kura ya kwanza na ya pili za mtu mmoja ziunganishwe. Kila anayeingia ataokota mwenyewe, kutoka katika kapu, bahasha yenye kadi za kura zake zote mbili, na kadi zote za bahasha hiyo zina namba moja iliyopigwa chapa nyuma. Hakuna anayeandika nani kaokota namba gani. Tutajua kwamba namba 37 ilihama kutoka kuunga mkono hadi kupinga, na hatutajua kamwe namba 37 ni nani.

Kuhusu siri, hatukukubaliana mara moja. Mwenzetu mmoja, ambaye ameongoza mikutano ya vijiji kwa miaka mingi, alitetea mlolongo kwa nguvu. Alitukumbusha kwamba uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji wa Julai 2018 ulifanywa kwa wapiga kura kupanga mstari nyuma ya mgombea wao, kwamba njia hiyo haihitaji karatasi wala wino, na kwamba kila mtu huhesabu kwa macho yake mwenyewe. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, mlolongo humwezesha mwenye nyumba kumwona mpangaji wake amesimama wapi, na mbele ya kamera atamwona hata aliyeko Koboko. Zaidi ya hapo, sisi tunapiga kura mara mbili. Kubadili mawazo ni jambo zito kwa mtu yeyote. Tukimtaka auvuke ukumbi huku nchi ikimtazama ili akiri kwamba maneno ya mpinzani yamemwingia, wengi watabaki pale walipokuwa, na kura ya pili itakuwa nakala ya kura ya kwanza. Mwenzetu alikaa kimya kidogo, akasema hoja hiyo ya mwisho imemtosha.

Kadi zenyewe tumezitengeneza kwa rangi moja, nyeupe. Mchoraji alituletea kwanza kadi za kijani na nyekundu, zikiwa nzuri na zenye kuonekana vizuri katika runinga, lakini hapa Uganda rangi zina wenyewe, yaani vyama vya siasa: manjano ni ya NRM, nyekundu ni ya NUP, bluu ni ya FDC, na kijani ni ya DP. Kadi nyekundu ya kupinga hoja ingemfanya mtu aulize kama anapinga hoja au anakipigia chama kura. Badala yake tumetumia maumbo: duara ni kuunga mkono, mraba ni kupinga, na pembetatu ni kwa yule ambaye bado hajaamua. Asiyejua kusoma anayatambua kwa kidole, na mwenye macho hafifu pia.

Februari, mwishoni

Kituo tulichokuwa tukizungumza nacho kimeleta pendekezo lake, na sehemu kubwa yake ni kura ya simu. Mtazamaji angetuma ujumbe mfupi wa kulipia kwa namba maalumu, mapato yangegawanywa kati ya kituo, kampuni ya kati na sisi, na asilimia zingepanda na kushuka chini ya kioo wakati wazungumzaji wakiendelea. Idara yao ya masoko ilituonyesha makadirio ya mapato, na sikatai kwamba fedha hizo zingetulipia jenereta na nauli za hadhira.

Tumekataa, na sababu tumeziandika katika barua. Kura ya kulipia ni kura ya mwenye salio. Mtu mwenye laini ya MTN na ya Airtel anapiga mbili, na anayetaka kupiga hamsini anaweza, wakati katika nyumba nyingi simu moja hutumiwa na watu kadhaa. Wingi wa kura hauliondoi tatizo hilo. Mwaka 1936 huko Marekani, jarida la Literary Digest lilituma karatasi za maoni milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akashinda kwa kishindo. Waliojibu walikuwa wengi mno, lakini hawakufanana na nchi. Kisha kuna namba za simu zenyewe: anayepiga kura kwa simu anatuachia namba yake pamoja na msimamo wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya mwaka 2019 inatuwajibisha kuzilinda taarifa hizo. Njia bora ya kuilinda taarifa ya namna hiyo ni kutoikusanya.

Sikatai kwamba ujumbe mfupi una manufaa. U-Report ya UNICEF, iliyoanzia hapahapa Uganda mwaka 2011, imeonyesha kwamba vijana wa vijijini hujibu maswali kwa simu ya kawaida pale wanapojibu bila malipo na wanapoona majibu yao yakirudishwa kwao. Ndiyo sababu tumependekeza mtazamaji wa nyumbani atutumie swali badala ya kura. Mwenyekiti wa mdahalo atasoma maswali matatu kabla ya kura ya pili, pamoja na mji yalikotoka, bila jina. Swali likiwa zuri, linafanya kazi hata likiwa limeulizwa na mtu mmoja.

Kituo hicho hakikuendelea nasi. Tumeanza mazungumzo na kingine.

Machi, wiki ya kwanza

Kazi ya wiki hii ilikuwa hadhira. Ukumbi tulioahidiwa unachukua watu 120 wakiwa wameketi kwa nafasi, na baada ya kutoa nafasi za kamera, meza za kuhesabia na vibanda vya kura, tumekata shauri tuwe na 100.

Tuliamua tangu mwanzo kwamba hatutatangaza redioni kuwa watu waje, kwa kuwa atakayekuja ni yule aliyekwisha kuwa na msimamo mkali na muda wa ziada. Tumeomba orodha za wanachama kutoka vikundi vya akiba, misikiti na makanisa, vyama vya madereva, kamati za masoko na madarasa ya watu wazima katika Kisenyi, Bombo, Busia na kwingineko, kisha tukachagua majina kwa kura ya bahati, wanawake nusu na wanaume nusu. Kila aliyechaguliwa atarudishiwa nauli kulingana na umbali, na atalipwa anapoingia, kabla hajapiga kura yoyote, ili asije akadhani kwamba malipo yanategemea duara au mraba. Wakimbizi wamo, kwa sababu hoja zinazohusu soko na barabara zinawagusa kila siku, na kura yetu si uchaguzi wa serikali.

Mwanatakwimu anayetusaidia alituonya jambo ambalo nimeliandika kwa herufi kubwa ukutani mwa ofisi. Sampuli ya watu 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka nchi nzima ingekuwa na ukingo wa makosa wa takriban asilimia 10 kila upande; yetu haikuchaguliwa hivyo, imetoka katika orodha za vikundi tunavyovifikia. Kwa hiyo hatutasema kamwe kwamba wananchi wa Uganda wanaunga mkono jambo fulani. Tutasema watu 100 waliokuwa ukumbini. Mwenyekiti wa mdahalo atalikariri hilo kila kipindi, kabla ya matokeo na baada yake, hata kama mhariri atalalamika kwamba linachosha.

Mfano uliotutia moyo umetoka hapa nyumbani. Mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Makerere, kwa kushirikiana na watu wa Stanford wanaofuata njia ya James Fishkin, kiliendesha kura za tafakuri katika wilaya za Bududa na Butaleja, moja ikisumbuliwa na maporomoko ya ardhi na nyingine na mafuriko. Wakazi waliochaguliwa kwa bahati nasibu waliulizwa maoni, wakakaa pamoja wakajadiliana katika vikundi vidogo na kuwahoji wataalamu, kisha wakaulizwa tena maswali yaleyale. Hao walikuwa wanakijiji wanaolima mitelemko ya Elgon na mabonde ya mpunga, na waliaminiwa kuamua mambo mazito kama kuhama au kubaki. Televisheni haina siku nzima ya kumpa kila mtu, lakini mpangilio ule wa kuuliza, kujadili na kuuliza tena ndio tuliouazima.

Machi, wiki ya tatu

Kuchagua hoja kumekuwa kugumu kuliko nilivyotarajia. Hoja iliyopendwa na wengi ilikuwa ile ya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kila shule ya msingi. Tumeiacha, maana ukumbi uliojaa wasemaji wa Kiswahili utaanza ukiwa umeshaamua na upande wa upinzani utakuwa unawahubiria mawe. Hoja hiyo inastahili ukumbi wa namna nyingine. Ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga tumeiweka kwa ajili ya kipindi cha baadaye, kwa kuwa ina mambo ya kiufundi mengi: bomba lenye urefu wa kilomita 1,443, kati ya hizo 296 zikiwa Uganda, ambalo lazima lipashwe moto njia nzima kwa sababu mafuta yetu ni mazito yenye nta. Mtu hawezi kupiga kura ya kwanza juu ya jambo hilo kabla hajapewa karatasi ya maelezo, na karatasi hiyo lazima pande zote mbili ziikubali neno kwa neno.

Kwa ajili ya jaribio tumechagua hoja hii: Wachuuzi waruhusiwe kufanya biashara kando ya barabara za katikati ya Kampala. Ina kitendo kimoja, haina neno la kukanusha, na inatosha kabisa katika herufi 160 za ujumbe mfupi, jambo ambalo ni muhimu kwa wanaoipokea nyumbani ili watutumie maswali. Rasimu ya kwanza ilisema wachuuzi wasiondolewe, na tulipoijaribu kwa watu wa ofisini, kila mmoja alisita: aliyetaka wachuuzi waondoke alilazimika kupinga kutokuondolewa. Hoja ikiwa na fundo la namna hiyo, nusu ya kura zinakuwa za waliochanganyikiwa.

Aprili, wiki ya pili

Tumefanya jaribio, bila kurusha hewani, kwa kamera tatu na hadhira kamili.

Watu walianza kuingia saa nane mchana. Mlangoni kulikuwa na kapu la bahasha, na mbele ya vibanda viwili vya kadibodi kijana wa zamu alirudia maneno yaleyale kwa kila mtu: ingia peke yako, chagua kadi moja, itumbukize, rudi na bahasha yako. Mama mmoja mtu mzima kutoka Kisenyi alikaa kibandani muda mrefu kiasi kwamba kijana akaanza kutazama saa. Alipotoka alimwambia, "Mwanangu, usinihimize. Mume wangu alikuwa na duka, na binti yangu anauza nyanya barabarani. Hii kadi nimeishika mara mbili nikaiacha." Tulipata ruhusa yake kuyaandika maneno hayo, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Ninayaandika kwa sababu yameonyesha kile ambacho kibanda kinampa mtu: nafasi ya kutokuwa na haraka, na nafasi ya kutoiegemeza nyumba yake upande mmoja hadharani.

Mjadala ulikuwa mzuri. Upande wa kuunga mkono ulieleza kwamba mteja wa jioni hapandi ghorofa ya soko kununua fungu la mboga, kwamba vizimba vya masoko ya Owino, Nakawa na Wandegeya havitoshi kila anayehitaji, na kwamba mtaji wa mchuuzi ni bidhaa za siku moja, zikichukuliwa na askari wa jiji hana pa kuanzia. Upande wa kupinga ulikuwa na mwenye duka la vitambaa wa Kikuubo, mtaa wa maduka hapa Kampala, aliyesema kwa utulivu kwamba yeye hulipa kodi ya pango, leseni ya biashara na ushuru, kisha mbele ya mlango wake huuzwa bidhaa zilezile kwa bei ambayo hawezi kuifikia kwa sababu muuzaji halipi chochote. Mwenzake alizungumzia mtu anayetembea na mkongojo, ambaye njia ya miguu ikijaa hulazimika kushuka barabarani kati ya boda boda na matatu. Ukumbi ulinyamaza kabisa wakati huo.

Mwenyekiti wetu wa mdahalo, Hajati mmoja aliyestaafu ualimu, ameonyesha kwamba tulichagua vema. Mzungumzaji aliyekuwa akiitwa Mheshimiwa alipotaka kupitiliza dakika zake, alimwambia kwa upole, "Mheshimiwa, saa ya hapa haina cheo," naye akaketi. Kijana aliyesita kuuliza swali kwa sababu ya Kiswahili chake cha Arua, Hajati alimwacha amalize bila kumsahihisha, kisha akalirudia swali lake kwa ufasaha ili watu wa nyuma walisikie, akamuuliza kama ndivyo alivyokusudia. Tumeandika utaratibu huo katika mwongozo: hakuna anayesahihishwa lugha ndani ya ukumbi huu.

Kuhesabu kulichukua muda mrefu kuliko nafasi ya matangazo iliyopangwa. Tulifuata desturi ya vituo vya kupigia kura vya nchi hii, ambako kura huhesabiwa palepale mbele ya watu baada ya upigaji kufungwa saa kumi jioni: kila kadi ilinyanyuliwa, umbo lake likaonyeshwa kwa kamera, namba ikasomwa, na mwakilishi wa kila upande akaandika. Mhariri alipendekeza sehemu hiyo ikatwe ibaki sekunde chache. Nimepinga na nitaendelea kupinga. Kuhesabu ndiko kunakomfanya mtazamaji aamini jedwali atakaloonyeshwa, na kukiwa kurefu mno dawa yake ni kuongeza meza. Kipindi kijacho kutakuwa na meza tatu zinazohesabu kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na mawakilishi wake, na kamera ikihama kutoka meza hadi meza.

Aprili, wiki ya tatu

Tumeketi na jedwali. Lina safu tatu za kura ya kwanza na safu tatu za kura ya pili, yaani vyumba tisa, na kila bahasha imeangukia katika kimojawapo. Kwa hesabu ya jumla, upande wa kupinga ulisogea mbele kidogo tu, na kipindi cha kawaida kingetangaza ushindi mwembamba na kufunga. Vyumba vya katikati ya jedwali vinaonyesha mengine. Watu walihama kutoka kila upande kwenda kila upande, na wengi wa waliohama hawakuruka moja kwa moja kwa mpinzani. Walitoka kwenye duara au mraba wakaishia kwenye pembetatu. Waliingia wakiwa na uhakika, wakatoka wakiwa na swali.

Kwetu hayo ni matokeo makubwa, na yamezua mabishano: tutamtangaza nani kuwa mshindi? Mdhamini mmoja anataka mshindi apatikane kila wiki, kwa maelezo kwamba mtazamaji hatakaa saa nzima bila kujua nani kashinda. Upande wangu ni kwamba tusitangaze mshindi kabisa. Jedwali lote la vyumba tisa lionyeshwe kwenye kioo kwa muda wa kutosha kusomwa, Hajati alieleze chumba kwa chumba, na wazungumzaji wa pande zote mbili waulizwe swali moja: ni wapi unadhani umewapoteza waliokuacha? Tuliwauliza swali hilo katika jaribio. Mwenye duka wa Kikuubo alijibu kwamba waliomwacha ni wale waliosikia habari ya vizimba visivyotosha, na kwamba hata yeye hana jibu la hilo. Baada ya kuitazama sehemu hiyo ya picha, mdhamini amekubali tujaribu bila mshindi kwa vipindi vinne vya mwanzo.

Mei, wiki ya kwanza

Kituo kipya kimetia saini. Kitarusha kipindi kizima kama kilivyorekodiwa, bila kukata mjadala wala kuhesabu, na kanda kamili itabaki kwetu pia. Suala la kurusha mubashara tumeliahirisha hadi taratibu za leseni zitakapokuwa wazi. Gharama za jenereta zimepanda, na tumepunguza taa ili kuzimudu. Fundi wa picha ameridhika, ilimradi vibanda vya kura visiwe na mwanga wa kumwonyesha mtu kivuli cha kadi aliyoishika.

Kurekodi kwa kwanza rasmi kutakuwa Arua. Orodha za vikundi zimekwisha kuombwa, kadi zinachapwa upya kwenye karatasi nene zaidi kwa sababu za awali zilijikunja kwa jasho la mikono, na wazungumzaji wanne pamoja na wawili wa akiba wamepewa rasimu ya karatasi ya maelezo ili kila mmoja aweke alama panapompinga. Hoja itahusu ada ya vibali vya boda boda. Wawili wameshairudisha rasimu ikiwa na masahihisho, na wote wawili wamesahihisha sentensi ileile.